Mpeni Maji Habakuki

Naitwa Castory, nauza nyama Old Korogwe, kwenye barabara inayoshuka mtoni. Maneno ya mji huu yananipitia mimi kwanza, kwa sababu sijawahi kuona mtu anayesubiri kilo yake ya nyama akiwa amenyamaza. Kwa hiyo nikikuambia kwamba msemo wetu unaotumika kuliko yote ni "Mpeni maji Habakuki", usinibishie. Pikipiki ikikataa kuwaka, watu wanamzunguka mwenyewe na kusema: mpeni maji Habakuki. Kijana akipeleka barua ya posa akarudi nayo mkononi: mpeni maji Habakuki. Timu yetu ikifungwa nyumbani, uwanja mzima unauimba, mpaka wachezaji wenyewe wanacheka.

Vijana wanausema bila kujua ulikotoka. Sisi wakubwa tunajua. Zamani, watu walipokuwa wakiletwa kutoka Kigoma, Songea na kwingineko kuja kukata mkonge, wakaitwa manamba, alikuwepo Muha mmoja jina lake Habakuki. Huyo alikaa kambini akatazama korona ikifanya kazi, akasema na yeye atatengeneza ya kwake. Na hapa nieleze mapema, kwa sababu jambo hili lilikuja kutuletea balaa: korona, kwetu sisi tuliozaliwa kwenye kambi za mkonge, si ugonjwa. Ni mtambo. Ni ule mtambo mkubwa unaoparua majani ya mkonge hadi inabaki singa nyeupe ya kutengenezea kamba. Tuliita hivyo kabla ya kirusi chochote kuzaliwa.

Basi, Habakuki akachukua baiskeli chakavu, akaifungia mbele gogo la mviringo lenye vyuma bapa, akaunganisha mnyororo. Ukikanyaga pedali, gogo linazunguka; ukiingiza jani, linaparuliwa. Ndoto yake ilikuwa kubwa kuliko kambi. Alisema kila manamba akimaliza mkataba atapanda mkonge wake mwenyewe, atauchakata uani kwake, na hataamka tena kwa kengele ya mtu. Siku ya kuonyesha, meneja akaja na wafanyakazi wote wakajipanga. Habakuki akakanyaga. Jani likakwama. Akaingiza jingine, likakwama. Jasho likamtiririka, akaanza kupiga kelele, "Nipeni maji! Nipeni maji!" Wakamletea kikombe. Badala ya kunywa, akakimwaga juu ya jani. Meneja akaangua kicheko, manamba nao wakacheka, na Korogwe haijaacha kucheka mpaka leo. Kesho yake baiskeli ikachukuliwa.

Ni kisa kizuri, au ndivyo tulivyoona. Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha, lakini usaha huwa hauumi kidonda kikiwa cha mwenzako.

Maana mtoto wa Habakuki yu hai. Ni Mzee Gregori, mteja wangu, mrefu, mpole, suruali yake haikosi mstari wa pasi. Alifanya kazi korona ujana wake wote, kisha akalima. Kwa miaka mingi niliona jambo moja kwake na sikulitilia maanani: hata jua liwake vipi, hata awe amepanda kutoka mtoni akihema, Mzee Gregori haombi maji mbele ya watu. Atapangusa shingo, atanunua nyama yake, ataondoka na kiu yake hadi nyumbani.

Binti yake Grasiana ndiye ninayetaka kumsimulia. Ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuamuru hata anapokusalimia. Anapiga video za harusi, kipaimara na mazishi, kuanzia Vugiri na Bungu huko milimani mpaka Handeni. Ana kipaji. Kwenye video yake ya harusi hata shangazi mwenye kisirani anaonekana anafurahi. Kwenye ya mazishi unajiona una uchungu kuliko ule uliokwenda nao.

Siku moja alikuja buchani, akasubiri wateja wapungue, akanitazama tumboni.

"Kaka Castory, nataka tumbo lako."

"Nyama ya tumbo imeisha, njoo kesho."

"Lako. Natengeneza filamu ya babu. Nahitaji meneja, na Old Korogwe nzima mwenye tumbo la umeneja ni wewe."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba wiki iliyotangulia alikuwa akipiga video ya harusi, na baba yake alikuwa miongoni mwa waalikwa. Bwana harusi akashindwa kufungua chupa ya shampeni, akahangaika nayo, na mshereheshaji akapaza sauti kwenye kipaza sauti: "Mpeni maji Habakuki!" Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Grasiana alikuwa ameelekeza kamera kwa wageni. Akamwona baba yake nyuma kabisa, soda ndiyo kwanza imefunguliwa, akiiweka mezani taratibu na kuinuka kutoka nje.

"Yule mzee amekaa na jina hilo tangu ana miaka sita," akasema. "Nataka alisikie mara moja tu bila kicheko. Mara moja. Nikipata hilo, filamu hata isipotoka nje ya wilaya, sitalia."

Ningekataaje? Nikakubali, nikamfungia na maini ya nyongeza.

Kumbe kuigiza ni kazi ya adhabu. Alinipaka unga wa ngano usoni ili niwe Mzungu, akanivika kaptula na kofia ya jua. Kufika saa nne jasho limechanganyika na unga, nikawa nakaribia kuwa chapati. Habakuki aliigizwa na Deogratius, dereva wa bodaboda mwenye miguu myembamba na domo refu. Bonaventura, fundi wa kuchomelea, aliunga baiskeli. Clinton, mwenye duka la kompyuta na kutoa kopi, ndiye angeunganisha picha. Wengine wote ni majirani, na walikuja kwa sababu ya pilau.

Gogo halikuhitaji kutengenezwa. Lilikuwepo. Wakati baiskeli inachukuliwa, mkewe Habakuki alikuwa amelificha gogo chini ya kitanda, na mama huyo alipokufa, Mzee Gregori akalifanya kigoda mlangoni kwake. Mji mzima tumemwona akilikalia na hakuna aliyeuliza kwa nini kigoda kina vyuma. Grasiana alipokwenda kuliomba, mimi nilikuwa nyuma yake.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba." Halafu kwa binti yake: "Mlikuwa mnamcheka kwa midomo. Sasa mnataka kumcheka kwa picha?"

"Baba, mimi ndiye ninayepiga hiyo picha. Hakuna wa kumcheka."

Mzee akainuka, akaenda ndani, akarudi na kiti cha plastiki, akakalia hicho. Hakusema chukueni. Aligeuza kiti kikaangalia ukuta, na sisi tukalibeba gogo.

Tulipigia picha hapo hapo uani kwake, kwa kuwa ndiyo nyumba pekee iliyobaki na sura ya zamani. Maonyesho yote ya kambini yalikwenda vizuri. Shida ikawa mtambo. Deogratius alikanyaga mpaka mishipa ikamtoka. Jani likaingia kiasi cha shubiri, nyama yake ya kijani ikajisokota kwenye vyuma kama mlenda, likakwama. Bonaventura akasogeza vyuma, likakwama. Tukajaribu majani membamba, mapana, ya juu, ya chini. Utomvu ukamwasha Deogratius mikono yote akawa anajikuna kama mwenye upupu.

"Mama, mbona rahisi," Clinton akamwambia Grasiana. "Piga jani likiingia. Halafu piga singa ikitoka, tunanunua shambani. Nitaunganisha kwenye kompyuta, hata bundi hatatambua."

"Hapana."

"Filamu zote zinafanya hivyo."

"Clinton, nikidanganya hapo nitakuwa nimekubali kwamba babu alikuwa mwendawazimu. Likiparuka kweli, kuna filamu. Lisipoparuka, nitarudi kupiga harusi zangu na nitanyamaza."

Ukaidi wake huo uliniudhi, nasema kweli. Lakini unga ulikuwa unaniwasha, na mtu anayewashwa hana hekima.

Siku iliyofuata mambo yaliharibika kabisa. Jua lilikuwa kali, Deogratius amekanyaga muda mrefu, na koo likamkauka kwelikweli. Bila kukusudia akapaza sauti, "Nipeni maji jamani!" Ua wote ukaangua kicheko. Majirani walijipiga mapaja. Bonaventura alijishika ukutani. Na mimi, mwenye kaptula ya umeneja, nilicheka mpaka unga ukapasuka mashavuni. Tulipotulia tuliona kiti cha plastiki kitupu na mlango wa Mzee Gregori umefungwa. Grasiana alikuwa ameweka kamera chini na anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Hakutugombeza. Afadhali angetugombeza.

Nilidhani filamu imekufa. Lakini siku chache baadaye akatuita tena, kwa sauti ile ile ya kuamuru. Alisema anataka picha moja tu ya Habakuki peke yake na mtambo wake, basi, ajue moyoni kwamba alijaribu mpaka mwisho. Tulikwenda, kila mtu ameinamisha kichwa, hakuna hata aliyeulizia pilau.

Mawingu yalitokea upande wa Usambara, na kabla hatujatandaza turubai mvua ya vuli ikateremka yote kwa mpigo. Tukakimbilia barazani. Deogratius hakukimbia, pindo la suruali lilikuwa limeng'ang'aniwa na mnyororo. Akawa anapiga kelele aje mtu amnasue, na mnasuaji wa kwanza aliyekuwa akimtegemea, yaani mimi, nilikuwa natunza unga wangu.

Grasiana alijifunika kanga, akaifunika kamera kwa mfuko wa nailoni, akatoka kwenye mvua.

"Kanyaga!" akamwambia.

"Dada, nimenasa!"

"Kanyaga hivyo hivyo! Ingiza jani!"

Deogratius akakanyaga kwa hasira. Akaingiza jani kama mtu anayemchoma adui kisu. Maji yalikuwa yakimwagika juu ya gogo, na ile nyama ya kijani, badala ya kujisokota, ikawa inaoshwa na kutiririka chini. Jani likaingia lote. Akalivuta. Mkononi mwake ilibaki singa, ndefu, nyeupe, inachuruzika maji. Akaishangaa. Akageuza ncha ya pili, akaingiza, akavuta. Nyeupe.

Nyuma yetu pale barazani mlango ukafunguka, na Mzee Gregori akasimama hapo akitazama uani.

"Alisema maji," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, tuliisikia kwa shida kwa sababu ya mvua kwenye mabati. "Baba alisema nipeni maji. Wakamletea kikombe."

Jamani. Kisa chenyewe tulikuwa tukikisimulia miaka yote, hadi kile kipande cha kumwaga kikombe juu ya jani, ndicho tulichokipenda kuliko vyote. Na nusu ya mji huu imefanya kazi korona, imeona maji yakimwagika juu ya majani mchana kutwa, imerudi nyumbani na nguo zimelowa. Hakuna aliyejiuliza. Nilitaka kumkasirikia mtu nikakosa pa kuanzia. Yule mtu hakuwa na kiu. Aliiombea mashine yake.

Mzee Gregori alitoka kwenye mvua bila kofia, akaenda kuishika ile singa. Grasiana alipiga picha hiyo lakini hakuitia kwenye filamu. Anayo kwake, na hajaniruhusu kuiona tena.

Filamu ikaisha. Korogwe wakawa wanaisubiri kwa hamu, na hamu yenyewe naijua: walitaka kuja kucheka. Grasiana akasema haionyeshi Korogwe kwanza. Nabii haheshimiwi kwao. Dada yake, Rhoda, ameolewa Handeni, akapata ukumbi karibu na soko, mchana, madirisha yamezibwa kwa magunia. Mzee Gregori alipoombwa aende alifikiri sana, akakubali kwa sababu moja. "Handeni hawanijui," akasema.

Sasa lile balaa nililolitaja. Grasiana alikuwa ameipa filamu jina la "Korona ya Habakuki", na kwetu jina hilo halina utata hata kidogo. Rhoda akamtuma bodaboda mwenye spika azunguke mji akitangaza: "Leo saa nane, njooni wote mwone Korona! Bure!" Tulipofika tukakuta foleni. Mzee mmoja amevaa barakoa mbili. Akina mama wamekuja na kadi za kliniki. Bwana mmoja mwenye koti akaniuliza ni nani anayeandikisha majina ya posho.

"Posho ya nini?" nikamuuliza.

"Ya semina. Si semina ya korona hii?"

"Ndugu yangu, hii ni korona ya mkonge."

Akarudi nyuma hatua nzima. "Na mkonge nao umeambukizwa?"

Grasiana ilibidi apande mbele aeleze, na alipomaliza swali likawa moja tu, kama kuna soda. Rhoda akakimbia kuzileta. Waliotaka posho wakaondoka wakinung'unika. Wengine wakabaki, kwa kuwa nje jua lilikuwa la kupasua mawe. Tukazima taa, picha ikatokea ukutani. Mimi na Mzee Gregori tulikaa viti vya nyuma kabisa, yeye upande wa ukuta.

Filamu ikaenda. Walicheka palipostahili kuchekwa, na nilipotokea na unga wangu walicheka zaidi ya hapo. Kisha ikaja siku ya maonyesho. Deogratius anakanyaga, jani linakwama, jasho linamtoka. Nikaona mikono ya Mzee Gregori ikishika magoti. Mimi mwenyewe nilijikunja, kwa mazoea, kama mtu anayesubiri kibao.

"Nipeni maji!" akalia Habakuki ukutani. "Nipeni maji!"

Ukumbi ulinyamaza. Handeni, kama hujui, maji si kitu cha utani. Wale watu wanayajua malambo yanapokauka, wanajua kununua dumu na kulipimia familia kwa kata.

"Jamani, mpeni maji!" akasema mama mmoja wa mbele, kwa uchungu. "Mnamtazama tu?"

"Mpeni!" akadakia mwingine. "Huyu mtu ana kosa gani?"

Nikajiona mimi kwenye picha, nimetanguliza tumbo, nampa kikombe huku nacheka, na ukumbi mzima ukanitukana. Mmoja akageuka kunitafuta gizani. Habakuki akakimwaga kikombe juu ya jani. Hapo nilitegemea mguno, maana kumwaga maji Handeni ni dhambi. Badala yake yule mama akasema, kama anayeongea na mtu jikoni kwake:

"Si ya kunywa hayo. Anataka ya mashine. Kikombe kitafaa nini? Mpeni ndoo!"

Mara moja tu ameona. Mara moja. Kisha mvua ikanyesha ukutani, singa nyeupe ikatoka, na vigelegele vikapigwa mpaka kijana wa Kimasai aliyekuwa ameegemea mlango akaingia ndani kuona kuna nini. Grasiana hakuwa akiitazama filamu. Alikuwa amesimama pembeni ya ukuta, anamtazama baba yake.

Mzee Gregori alikaa vilevile, uso umelowa, hajifuti.

"Castory," akasema.

"Naam, mzee."

"Hawakucheka."

"Hawakucheka, mzee."

Taa zilikuwa zimeshawashwa na watu wametujaa pande zote. Akapandisha sauti, si sana, ya kutosha tu.

"Nipeni maji."

Sikuwa nayo. Nikainuka nikasema mbele ya watu kwamba kuna mzee huku anaomba maji, na yule mama wa mbele akakinga kikombe kwenye dumu la maji alilotoka kulinunua sokoni. "Mpeni maji mzee," akasema, akampa wa nyuma yake. "Mpeni maji mzee," huyo naye akasema, na kikombe kikaja hivyo, mkono kwa mkono, safu kwa safu, hadi kikatufikia. Mzee Gregori akakipokea kwa mikono miwili. Akanywa yote, akaomba kingine.